Asilimia Themanini ya Miwani ya Fundi

Ofisini walimwita Mama Foleni, ingawa hakuwa na mtoto hata mmoja, na foleni yenyewe hakuna aliyepata kuiona kwa macho. Ilikuwa ndani ya kompyuta. Kila duka la miwani lililofanya kazi na kiwanda chao lilipoandika oda ya mteja, oda iligeuka ujumbe mfupi, na ujumbe ukaenda kujipanga nyuma ya wenzake bila kusukumana, ustaarabu ambao siku hizi unapatikana ndani ya kompyuta tu. Mbele ya foleni walikaa wafanyakazi. Hawa nao si watu, ni programu ndogondogo, kila moja imekabidhiwa mashine zake kiwandani. Mfanyakazi akikosa la kufanya anachukua ujumbe wa mbele, anasoma namba za macho ya mtu, anaiamuru mashine isage lenzi, iipake utando, kisha iikate ifuate umbo la fremu. Kila hatua ikiisha anatuma taarifa: nimesaga, nimepaka, nimekata.

Kazi ya Mama Foleni ilikuwa kuzikusanya taarifa hizo na kuzigeuza kitu ambacho mteja anaweza kukitazama kwenye simu yake, roho ikatulia: mstari wa kijani unaojaa kutoka kushoto kwenda kulia, na asilimia pembeni. Wenzake walizungumzia watoto wao waliofaulu mitihani. Yeye alizungumzia mstari wake.

Sasa, ofisi hiyo ilikuwa na Meneja wa Furaha ya Wateja. Msicheke, cheo hicho kipo, na huyu alikuwa ameandikiwa mlangoni kwa herufi za kung'aa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetoka mazikoni. Wakati fulani huko nyuma alimwita Mama Foleni, akamwonyesha kiti.

"Dada, mstari wako unarudi nyuma."

"Ndiyo, bosi. Lenzi ikipasuka, kazi inarudishwa kwenye foleni, inaanza upya. Mstari nao unaanza upya."

"Mteja hapendi."

"Lakini lenzi imepasuka."

"Lenzi ipasuke tu. Mstari usirudi."

"Sasa uende wapi?"

"Usimame palepale. Mtu aliyesimama hajarudi nyuma."

Hoja hiyo ukiitazama vizuri ndiyo inayoendesha nusu ya ofisi za dunia, kwa hiyo tusimwonee meneja wa watu. Mama Foleni alirudi mezani, akaandika sharti fupi: asilimia mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani, onyesha ya zamani. Akaenda kunywa chai. Simu za malalamiko zikapungua, Meneja akapewa cheti cha pongezi, akakitundika mahali ambapo hata mfagiaji asingekikosa.

Baba yake Mama Foleni alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Mwanawe humwita Baba, ila akikasirika naye humwita Fundi kama wengine. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa karakana: cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, pasi, na sanamu la mbao lisilo na kichwa ambalo Fundi alidai ndilo mteja pekee aliyewahi kusimama wima na kufunga mdomo. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka mingi. Binti yao alikuwa mmoja tu.

Na Fundi alikuwa na kiapo. Binti alipomaliza shule, Fundi alinunua kitambaa cheupe akaapa mbele ya mkewe kwamba gauni la harusi la mtoto huyu halitaguswa na sindano ya fundi mwingine. Basi kitambaa kikangoja. Binti akasoma kompyuta, akaajiriwa, wachumba wakaja wakaenda, wengine hata chai hawakumaliza. Mashangazi walimwombea mpaka wakachoka, wakahamishia maombi kwenye mambo yenye matumaini. Kitambaa kilitoka kwenye weupe wa maziwa kikaingia kwenye weupe wa jino. Ndipo, katika umri ambao wenzake walikuwa wanaozesha mabinti, akatokea Mwalimu, mjane wa kiume, mpole, anayefundisha hesabu. Alipiga simu ofisini kulalamika kwamba mstari wa kijani unakwenda kwa mwendo usiolingana na hesabu yoyote anayoijua. Alikuwa mteja wa kwanza kuutazama mstari ule kwa makini kiasi hicho, na mwanamke akitazamiwa kitu chake kwa makini, bwana, moyo nao ni nyama.

Harusi ikapangwa iwe Jumamosi. Fundi akatoa kitambaa kabatini, akakinyoosha mezani, akakichora kwa chaki, akakikata. Halafu akaketi kupumzika, akakalia miwani yake.

Fundi wa nguo anaweza kujisamehe akijichoma sindano, lakini si hili. Lenzi zote mbili zilipasuka. Fremu, waya mwembamba wa rangi ya dhahabu, ilipinda, akainyoosha kwa koleo na kufunga mkono mmoja kwa uzi mwekundu. Akaipeleka duka la miwani mwisho wa mtaa.

"Lenzi mpya," akasema. "Fremu hii hii."

"Mzee, lenzi zako nene kama kitako cha chupa, na fremu hii nyembamba sana. Chukua hii pana."

"Mwanangu, nimekuja kununua macho au ushauri? Fremu hii hii."

Wakaandika fremu hii hii, na fremu yenyewe wakaituma kiwandani. Oda ikageuka ujumbe, ikaingia kwenye foleni ya binti yake, nyuma ya wenzake.

Tangu hapo baba na mwana wakawa wanapigiana simu kila siku, na mazungumzo yakawa yaleyale.

"Baba, gauni limefikia wapi?"

"Limebaki vifungo tu. Na miwani yangu je?"

"Asilimia themanini. Imebaki kidogo tu."

Kwa kuwa Fundi hakuweza kusoma simu yake mwenyewe, kazi hiyo aliichukua Kinyozi, jirani wa mlango wa pili, mtu asiyeweza kunong'ona hata akilipwa. Aliacha mteja na nusu ya kichwa, akatoka na mkasi mkononi, akaishika simu ya Fundi mbali na uso na kutangaza kama mpira wa redioni.

"Themanini, wananchi! Bado themanini! Hatujafungwa, hatujafunga!"

"Jana ilikuwa themanini," Fundi akasema.

"Ndiyo ujue haijashuka. Binti yako anaijua kazi yake."

"Anaijua," Fundi akakubali, na kifua kikampanda kidogo.

Mama Foleni naye aliutazama mstari ule kila asubuhi kwenye simu yake, kama mteja yeyote, akaona kijani, akafurahi. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Hawakusema kwamba mpishi wa uongo anaweza kuula akashiba. Yeye ndiye aliyeandika sharti lile kwa vidole vyake, lakini hapa hakuwa anatazama kama mhandisi. Alikuwa anatazama kama mtoto wa mtu.

Alhamisi, muda wa chakula cha mchana, Fundi alipiga simu.

"Mhandisi, hii themanini yako imeota mizizi? Nije na jembe?"

Binti alicheka. Kisha, simu ilipokatika, kicheko kikamkauka mdomoni. Baba hakuwa ametaja gauni. Siku nyingine zote simu haikukatika kabla hajasema limebaki vifungo tu. Akaacha sahani yake, akateremka kiwandani.

Kwenye mashine ya kukatia lenzi alisimama mama mmoja mnene, mwendeshaji, amejifunga kitambaa kichwani, anafagia vipande vya vioo.

"Shikamoo, dada," Mama Foleni akasema. "Kuna kazi inakwama hapa?"

"Marahaba. Inakwama? Haikwami hata kidogo. Inapasuka." Akanyanyua ufagio kuelekea kwenye trei. "Ile pale. Sisi tunaiita Mfufuka. Inasagwa vizuri, inapakwa vizuri, ikifika kwenye kukatwa, tak! Fremu yake ni waya, na lenzi ni tofali. Mashine inairudisha kwenye foleni, kesho hiyoo, imefufuka."

"Mbona hamkusema?"

"Tumwambie nani, mama? Kwenye simu inaandika themanini. Tukasema, hao wa juu wana maarifa yao."

Mama Foleni akainama juu ya trei. Ndani yake, juu ya sponji, ilikuwa fremu ya waya wa dhahabu, mkono mmoja umefungwa uzi mwekundu. Fundo lilikuwa la baba yake, lile dogo la kujificha ambalo hulifunga mwisho wa pindo ili mteja asilione. Akasimama pale muda, mashine ikinguruma, mpaka mwendeshaji akaacha kufagia.

"Ya nani hiyo?"

"Ya baba."

"Yesu wangu," mwendeshaji akasema, "na sisi tunaicheka."

Alipanda ngazi na fremu ndani ya leso. Akaketi, akafuta lile sharti fupi. Badala yake akaandika jingine: kazi ikishindwa mara ya tatu isirudi kwenye foleni kujifanya mpya, iwekwe kando, binadamu aitazame, na mteja aambiwe kwa maneno kwamba lenzi yake imepasuka na kwa nini. Kisha akairuhusu ifanye kazi.

Mistari mji mzima ikaporomoka. Si yote, mingi ilibaki palepale, kwa sababu mashine nyingi hazikuwa na neno. Lakini iliyokuwa imesimama kwa hisani ya Meneja ilirudi mahali pake pa kweli, na simu zikaanza kulia kama vifaranga waliokoswa na mwewe. Mlango wa herufi za kung'aa ukafunguka.

"Dada! Umefanya nini? Wateja wanapiga!"

Mama Foleni alichukua mkoba wake, akanyanyua mkono wa simu iliyokuwa karibu na kumwekea Meneja kiganjani.

"Waulize nani angependa kubadilisha fremu," akasema. "Mimi naomba ruhusa. Nina mgonjwa wa macho nyumbani."

"Hujaomba! Unaondoka tu!"

"Nimeomba, bosi. Nangoja jibu huku natembea."

Alimkuta Fundi ameupa mlango mgongo. Alikuwa ameketi kwenye cherehani, sindano mkono mmoja, uzi mwingine, ameulowesha kwa ulimi, anaupeleka kwenye tundu la sindano na kuukosa, anaupeleka na kuukosa, kwa subira ya mtu ambaye hajui kama anatazamwa. Nyuma yake sanamu la mbao lilikuwa limevaa gauni la harusi. Mwili wa gauni ulikuwa umeshikiliwa kwa pini tu. Mkono mmoja ulikuwa mezani, umeshonwa ndani nje, na matundu ya mishono iliyofumuliwa yametambaa juu yake kama nyayo za siafu. Mkono wa pili haukuwepo.

"Nani?" Fundi akauliza bila kugeuka.

"Mimi."

Uzi ukasimama hewani. "Mimi yupi? Mimi wangu yuko kazini saa hizi."

"Ni mimi, Baba. Shikamoo."

"Usiingie, nimemwaga pini sakafuni!"

"Naziona." Akakanyaga pembeni mwake, akavuta kigoda, akaketi karibu na goti lake. Akaamua kusema kabla ushujaa haujamtoka. "Baba, ile themanini ni uongo. Miwani yako haijawahi kufika popote. Kila ikifika kwenye kukatwa inapasuka, wanaanza upya, na mstari haukuambii. Hausemi kwa sababu umefundishwa usirudi nyuma."

Fundi akageuka. Alikuwa anatazama upande wake, mahali ambapo kwake palikuwa na ukungu wenye sauti ya binti yake.

"Nani mpumbavu aliufundisha hivyo?"

"Mimi."

Akaanza kucheka. Alicheka taratibu kwanza, mabega yakitikisika, kisha kicheko kikamzidi nguvu kikageuka kikohozi, mpaka binti akampiga mgongoni.

"Nimeshona nguo zote za mtaa huu kukusomesha," akasema akifuta macho, "nikijua angalau wewe hutakuwa mwongo kama fundi cherehani. Ona sasa. Damu ni damu."

"Na wewe, Fundi, vifungo vimebaki vingapi?"

"Sijanunua."

"Naona."

"Una bahati, unaona." Akainamisha kichwa. Sauti ilipotoka tena ilikuwa ndogo. "Mkono huu nimeushona, nikaugusa, umepinda, nikafumua. Nikashona, nikafumua. Ukinipigia nasema moyoni, si nilishaushona? Kufumua si hesabu. Niko mbele tu."

Binti akaufungua mkono wa baba yake, akamwekea leso kiganjani. Fundi akaigusa fremu kupitia kitambaa na kuitambua kabla hajaifunua.

"Kwa hii haiwezekani, Baba. Lenzi zako ni nzito kwake. Mashine itazivunja mpaka parapanda ilie."

Fundi akapitisha kidole kwenye waya, taratibu, kama anapima kola. "Mama yako aliichagua hii. Nikamwambia mbona nyembamba, akasema ukiivaa unafanana na hakimu. Nimewatoza watu bei ya hakimu miaka yote."

"Najua."

"Nilidhani nikiiacha ni kama nimemwacha yeye dukani." Akaikunja mikono ya fremu, ule wa uzi mwekundu ukigoma kidogo. "Lakini alininunulia nione. Hakuninunulia waya. Waandikie ile pana. Mbaya hivyohivyo."

"Nitaandika leo. Ila haitawahi Jumamosi."

"Wewe si ndiye mwenye foleni? Nisogeze mbele."

"Mbele kuna watu, Baba."

"Wana harusi?"

"Wana macho."

"Mama yako angenisogeza."

"Mama angekupeleka nyuma kabisa, ukafikirie tabia zako."

"Kweli," Fundi akasema, na kwa kweli hiyo akaonekana kufarijika. Kisha uso ukamshuka. Jambo lenyewe lilikuwa limefika chumbani, likaketi kati yao. Binti ndiye aliyelitaja.

"Yule fundi wa kona anaweza kulimaliza kwa siku moja."

"Yule? Yule anashona magunia, na magunia yenyewe yanavuja." Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa meza. "Niliapa mbele ya mama yako. Sindano ya mtu mwingine isiliguse. Basi. Ungevaa hata gunia, lakini langu."

Mama Foleni akamtazama. Akainuka, akamshika mabega na kumsogeza taratibu kutoka kwenye kiti cha cherehani hadi kwenye kigoda. Akaketi yeye. Akaiokota sindano mezani, akapitisha uzi mara moja tu.

"Mimi si mtu mwingine," akasema. "Nielekeze."

Basi wakashona. Mtu anayeamuru kompyuta maelfu ya kazi kwa siku akagundua kwamba miguu yake miwili haiwezi kukubaliana juu ya kukanyaga. Cherehani ilikwenda nyuma, ikakata uzi, ikatafuna kitambaa, ikanyamaza. Fundi aliketi karibu, kichwa ameinamisha, anasikiliza mashine kwa sikio moja na kushika mshono kwa kidole gumba.

"Umefikia wapi?"

"Kwapani."

"Kweli?"

Akasimamisha miguu. "Si kweli. Nimetoka nje ya chaki."

"Rudi."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka pale ulipokuwa na uhakika. Hapo ndipo uliposhona. Kwingine ulikuwa unatembea tu."

Akafumua mpaka hapo. Akaanza tena. Katikati ya mkono wa pili, Kinyozi aliingia mbio, simu juu, mteja wake nyuma yake na povu shingoni.

"Fundi! Wametuibia! Ilikuwa themanini, imekwenda sifuri! Na maandishi juu, eti lenzi imepasuka, eti tubadilishe fremu!"

"Nimesikia," Fundi akasema. "Tulia. Leo ndiyo imeanza."

Kinyozi akamwona Mama Foleni kwenye cherehani, akaliona gauni na pini zake, akamwangalia Fundi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake akashusha sauti. "Kumbe hata vifungo?"

"Kanyoe watu," Fundi akamwambia.

Ijumaa binti alirudi tena, akiwa ameacha ujumbe kwa Meneja ambao hakungoja jibu lake. Waliunga mabega. Walifunga kiuno, wakapachika vifungo ambavyo binti alivinunua njiani. Mshono wa ubavuni ulikuwa na kona ambayo haikuwepo kwenye chaki, na Fundi aliipitia kwa kidole mara kadhaa, mwishowe akatamka kwamba binti yake ana ubavu wa ajabu na gauni limeufuata vizuri. Likabaki pindo la chini, refu, la kuzunguka, ambalo halishonwi kwa mashine.

Mama Foleni alilikunja na kulipiga pasi mpaka ukingo ukawa mkali wa kuhisika kwa kidole. Akaingia chumba cha ndani, akalivaa, akatoka miguu mitupu na kupanda juu ya meza ya kukatia. Fundi alipiga magoti chini. Binti akampa sindano yenye uzi.

"Hili nitalishona mwenyewe," akasema. "Na usiniulize nimefikia wapi."

"Siulizi."

Kidole gumba cha kushoto kilitangulia, kikitafuta ukingo wa pasi, na sindano ikakifuata karibu sana, kama mtoto nyuma ya mzazi sokoni. Mshono mmoja, kimya, mshono mwingine. Alikuwa akisogea kwa magoti kuizunguka meza, pumzi yake ikisikika, na binti yake juu alihisi kila mvuto mdogo kwenye kitambaa. Mara moja sindano ilimchoma Fundi, akanyonya kidole, akakikausha vizuri kwenye suruali kabla ya kugusa tena cheupe. Nje Kinyozi alikuwa anabishana na mtu. Binti alisimama wima na kufunga mdomo. Alitaka kuinama amtazame kisogo, nywele zake zilivyokuwa chache, lakini kuinama kungevuta pindo, akatazama ukuta.

Jua lilipita dirisha moja likaenda la pili. Fundi akaupita mguu wa kushoto, akazunguka nyuma, akaja upande wa kulia. Mwendo wake ukapungua. Kidole gumba kikatambaa mbele, kikasimama, kikagusa kitu, kikakigusa tena.

Ulikuwa mshono wake wa kwanza.

Akaupishanisha uzi juu yake, akafunga fundo lile la kujificha, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mguu wa mwanawe, na kuukata uzi kwa meno.